Ruhusa ya Kulala Nyumbani

Walimu wenzangu mliobaki kazini, mlinifanyia sherehe, mkanipa kitenge na redio, halafu mkaniambia niandike. Redio inaongea. Kitenge nimeshakishona. Lilibaki hili la kuandika, na nimelisogeza mbele mpaka kahawa imekwisha kuchumwa na visingizio vimeniishia. Vyeo sitavieleza, maana vilikuja kwa barua na barua za vyeo zote zinafanana. Nitawaeleza siku zangu za mwanzo, mtu aliyenifundisha kazi, na msichana mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kulala nyumbani.

Mimi ni mtu wa ziwani, kwetu Ngumbo. Nilipopangiwa shule hii ya wasichana huku juu, upande wa Litembo, nilidhani ninakwenda jirani tu, kwa sababu milima ya Wamatengo tulikuwa tukiiona kutoka ufukweni kila siku. Kuiona ni jambo moja, kuipanda kwa lori la mahindi ni jambo jingine. Nilishuka na sanduku, godoro na kigunia cha dagaa ambacho mama yangu alinilazimisha kukibeba, akiamini kwamba watu wa milimani hawajawahi kuonja kitu. Baridi ilinipokea kabla ya mwenyeji yeyote. Harufu ya dagaa nayo ilifika bwenini kabla yangu, na wiki haikuisha wasichana wakawa wameniita Mwalimu Dagaa. Baadhi yenu bado mnaniita hivyo nikishawapa mgongo. Ninasikia vizuri, uzee haujafika masikioni.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Kapinga, mtaaluma wa shule wakati huo, yaani msimamizi wa masomo. Alikuwa mrefu, mkimya, anavaa mabuti ya mvua masika na kiangazi, na vipande vya chaki vilivyobaki alivihifadhi kwenye kiberiti kitupu kama dawa ya thamani. Yeye ndiye aliyenikabidhi mashine ya stensili. Ninyi mliozaliwa na kompyuta hamwezi kujua. Ulikata stensili kwa taipu, kosa moja unalipaka wino mwekundu na kulipulizia kama kidonda, halafu unazungusha mkono wa mashine mpaka bega linakuuma, na karatasi ya mwisho inatoka imefifia kiasi kwamba maswali inabidi uyakumbuke. Mtihani wangu wa kwanza wa jiografia niliuchapa kwenye mashine ile nikatoka na wino hadi kwenye nyusi.

Mtihani huo wasichana wengi walifanya vibaya. Nikamsimamisha mmoja aliyeshika mkia, nikamuuliza kwa nini amefeli. Akasema, "Nisamehe, mwalimu." Nikauliza tena, akasema tena vilevile. Mwalimu Kapinga alikuwa anapita barazani. Baadaye aliniita, akaniambia kwamba neno "kwa nini" halina faida kwa mtoto wa huku, kwa sababu ukimuuliza kwa nini atakujibu kwa adabu tu. "Muulize leo asubuhi alifanya nini tangu alipoamka," alisema. "Usiulize ya siku zote. Ya siku zote watu huyapamba. Ya leo asubuhi bado yako mikononi." Nilimwona mzee anayependa kuzungusha maneno. Kesho yake nilimuuliza yule msichana swali hilo, akanieleza bila kuficha kwamba asubuhi ile alikuwa akinakili daftari la mwenzake, kwa sababu haoni ubaoni tangu alipougua surua. Tukamhamishia dawati la mbele, na mambo yakawa mengine.

Mwalimu Kapinga alipostaafu akarudi kwao Litumbandyosi kulima, nilirithi umtaaluma, kiberiti cha chaki na swali lile.

Miaka ile mambo yalikuwa yanabadilika haraka. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda na magari yao mpaka vijijini, kila mmoja na mzani wake na bei yake, na watu waliozoea kupeleka kahawa ushirika na kusubiri walijikuta wanakimbizana na magari. Dukani mjini Mbinga kulikuwa na kila kitu ambacho zamani tulikiota: sabuni, sukari, betri, mashati ya mitumba yenye majina ya timu tusizozijua. Ila vingi vilivyokuwa bure sasa vilitaka mchango, shuleni hadi hospitalini. Sisemi ilikuwa mbaya. Ninasema tu kwamba kila mtu alikuwa na haraka, na mgonjwa wa kudumu hamfai mtu mwenye haraka.

Ndipo akaja Osmunda Kinunda, kidato cha tano. Shule ilikuwa ya bweni, lakini kwao palikuwa mlima mmoja tu kutoka hapa, na katika wiki za kwanza alikuja ofisini kwangu kuomba ruhusa ya kulala nyumbani. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema mama yake, Adelina, alipata kiharusi akiwa shambani anachuma kahawa, upande mmoja umekufa, na baba alishafariki. Kaka zake walikuwa wamekwenda Songea kutafuta maisha, na maisha hayo yalikuwa bado yanatafutwa.

Mkuu wa shule hakutaka kusikia. Alisema msichana akilala nje ya bweni mwaka hauishi bila habari ya mimba, na lawama itakuja kwake. Hakukosea kuogopa, mambo hayo yalitokea. Nilimwomba aniruhusu kwanza niende nikaone, nikavaa mabuti nikapanda.

Nilimkuta Osmunda anamgeuza mama yake. Muuguzi alikuwa amemfundisha: unakunja shuka chini ya mgonjwa, unavuta taratibu, unaweka mto chini ya goti, unaangalia mgongo kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Asipogeuzwa hutoka vidonda, na vidonda ndivyo huua kabla ya kiharusi. Msichana yule mwembamba alifanya kazi hiyo bila kutoa pumzi kubwa, huku akizungumza na mama yake habari za mbuzi wa jirani. Adelina aliniangalia kwa jicho zima, mdomo wake ukahangaika, kisha akasema polepole, "Kumbe ndiye Mwalimu Dagaa." Nikacheka, na nikampenda papo hapo.

Ruhusa ilitoka. Kwa miaka miwili Osmunda alikuja darasani akiwa ameshamgeuza mama yake, mapumziko ya mchana alikimbia nyumbani kumgeuza tena, na jioni wenzake walipokwenda kujisomea yeye alikuwa anafua. Alisinzia katika somo langu mara nyingi. Nilimwacha asinzie, na mkaguzi mmoja aliponiuliza ni utaratibu gani huo nilimwambia ni utaratibu wa kienyeji.

Hapa lazima niwe mkweli juu ya ukoo wake, kwa sababu ninyi vijana mna haraka ya kuwalaumu wazee. Mkubwa wa ukoo alikuwa Mzee Gaudens, kaka wa marehemu baba yake Osmunda, na ukoo ule ulikuwa bado unashika sengu. Kwa asiyejua, sengu ni desturi ya Wamatengo: watu wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao, hula pamoja, na wakishashiba huzungumza mambo yao, nani ana shida, nani kamkosea nani. Kwingine ilikuwa imeshaanza kufa. Kwa Mzee Gaudens ilikuwapo kila Jumapili baada ya Misa. Na Adelina hakuachwa na njaa hata siku moja. Wanawake wa ukoo walipeleka unga na maharage, vijana walipeleka kuni, na mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kwenye shamba lake la mteremkoni yalichimbwa na kupandwa kwa wakati kama ya watu wazima wa afya. Wote waliokuwa wakipeleka vitu walifika mlangoni, wakamsalimu mgonjwa, wakaondoka.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Osmunda alikuwa amefaulu, lakini alama zake zilipungua kidogo chini ya kiwango cha kuingia chuo kikuu. Kidogo sana, kiasi cha mtu aliyesinzia. Niliumia kuliko yeye. Yeye aliniuliza tu kama anaweza kurudisha vitabu vya shule wiki inayofuata, kwa sababu wiki hiyo alikuwa na nguo nyingi za kufua.

Mwaka huo chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeanza utaratibu kwa wasichana waliopungukiwa kidogo. Kama ingethibitika kwamba msichana alisoma huku amebeba mzigo mkubwa nyumbani, angeitwa kwenye kozi ya awali ya miezi michache, na akiifaulu anaingia chuoni kama wengine. Shule ilitakiwa kueleza, na familia yenyewe ilitakiwa kuthibitisha mbele ya mtu wa chuo. Nilieleza kila nilichokiona. Ikaja gari kutoka Songea na ndani yake Bibi Rehema, mtu wa pwani, mpole, miwani mikubwa, aliyekuwa anazunguka mkoa mzima kuwaona wasichana wa namna hiyo. Nilimpeleka kwa Mzee Gaudens nikiwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Mzee alitupokea kwa heshima zote. Kuku alichinjwa. Bibi Rehema akaeleza kwa adabu ya pwani kwamba anataka kuthibitisha kuwa binti huyu ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yake peke yake. Nikaona uso wa Mzee Gaudens unafunga. Aliweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "hapa kwetu mgonjwa hauguzwi na mtoto. Mgonjwa ni wa ukoo. Shemeji yangu anauguzwa na Wakinunda wote, na mtu yeyote wa kijiji hiki atakwambia."

Bibi Rehema akamgeukia Osmunda, aliyekuwa amepiga magoti na birika la maji ya kunawa. Akamuuliza kama ndivyo. Osmunda alitazama maji.

"Ndivyo," alisema. "Baba mkubwa amesema kweli."

Angesema nini? Kumkanusha baba mkubwa mbele ya mgeni, juu ya kuku wake, ni jambo ambalo hata mimi mtu mzima nisingethubutu. Nilijaribu kuingiza neno, Mzee akanikaribisha paja la kuku. Garini Bibi Rehema aliniambia kwamba ananiamini, lakini familia yenyewe imekataa, na yeye hawezi kuandika alichokataa mwenye nyumba. Alikuwa anateremka Mbamba Bay kuona wasichana wengine. Jumatatu angepita tena akirudi Songea. Kama familia ingekuwa na neno jingine, angelisikia siku hiyo. Baada ya hapo orodha inafungwa.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi nilishinda nikiwa na hasira, nikamkasirikia mzee, nikamkasirikia Osmunda, nikamkasirikia hata yule kuku. Jioni hasira ilipopoa nikamkumbuka Mwalimu Kapinga na mabuti yake. Bibi Rehema alikuwa ameuliza habari za siku zote, na za siku zote watu huzipamba, tena bila kudanganya. Mzee Gaudens aliulizwa kama ukoo wake ni ukoo, akajibu kwamba ni ukoo.

Jumapili baada ya Misa nilichukua mbasa wakavu wawili niliotumiwa kutoka nyumbani, nikaenda kwenye sengu bila kualikwa. Nilimwamkia mzee shikamoo, nikatoa samaki, nikakaa upande wa wanawake waliokuwa wameleta vyungu. Hakuna aliyenifukuza. Watu walikula. Nilikula ugali na maharage mpaka sahani ikawa safi, kwa sababu mgeni anayebakiza chakula hasikilizwi.

Mzee Gaudens aliponawa aliniangalia. "Sema, mwalimu. Umekuja na neno, na umelizungushia samaki."

Nilisimama. Nikasema sina shauri, nina swali moja tu. "Leo asubuhi, kabla ya Misa, nani alimgeuza Adelina?"

Mzee akamtazama mke wake, Mama Kolumba. Mama Kolumba akasema yeye alipeleka maharage jana, alidhani leo ni mke wa Fidelis. Fidelis alikuwa mdogo wake mzee. Mke wa Fidelis akasema yeye alipeleka unga, na alijua wakwe zake wa nyumba ya chini wapo. Wa nyumba ya chini wakasema wao ni wa kuni. Nikauliza, "Na jana?" Jibu likazunguka vilevile, kutoka nyumba hadi nyumba, likarudi kwa Mama Kolumba. Hakuna aliyemgeuza jana, wala juzi, wala siku yoyote waliyoweza kuikumbuka.

Msiwacheke. Katika ukoo ule kumuuliza mwenzako "je, ulikwenda kwa mgonjwa?" ni sawa na kumwambia hakwenda, na neno hilo huzaa ugomvi wa mwaka mzima. Kwa hiyo kwa heshima hakuna aliyeuliza, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake yupo. Katikati ya heshima zote hizo alikuwa mtoto mmoja na shuka lililokunjwa.

Fidelis ndiye aliyetangulia kusema, na alisema jambo ambalo nadhani mkubwa wake alikuwa analijua tangu Ijumaa. Alisema, haya, tukithibitisha, mtoto ataondoka. Akiondoka, nani atamgeuza?

Wanaume wakatazama chini. Aliyejibu ni Mama Kolumba, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mwanamke mwenye mwili wake.

"Tungekuwa tumemgeuza zamani," alisema. "Mimi naogopa. Naogopa nitamvunja."

Mke wa Fidelis akasema hata yeye anaogopa. Mmoja wa nyumba ya chini akasema aliwahi kujaribu, na Adelina alipogumia yeye akakimbia. Nilitamani kulia, kwa sababu miaka miwili nilikuwa nimewaona wanawake hao kama watu wasiojali. Nikasema muuguzi alimfundisha Osmunda kwa asubuhi moja, na Osmunda anaweza kuwafundisha wao. Mzee Gaudens alinawa mikono mara ya pili ingawa chakula kilikuwa kimekwisha.

"Mwalimu," alisema, "unataka nimwambie mgeni kwamba Wakinunda wameshindwa na mgonjwa mmoja."

Nikamwambia hapana, ninataka amwambie mgeni binti wa Wakinunda ameweza nini. Alifikiri kidogo, akasema kwamba sifa hiyo ina harufu ya aibu. Kisha akasema sengu imekwisha, watu waende nyumbani. Nilishuka mlima bila kujua nimeshinda au nimeharibu kabisa.

Jumatatu gari la Bibi Rehema lilipopanda kutoka ziwani, jekundu kwa vumbi, Mzee Gaudens alikuwa amesimama kando ya barabara tangu asubuhi, amevaa koti lake la Pasaka. Osmunda alisimama nyuma yake. Hakumpa Bibi Rehema nafasi ya kushuka.

"Mama, niliyokwambia yalikuwa ya unga na kuni," alisema. "Hayo ni yetu. Kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kukaa naye, ni mtoto huyu peke yake tangu mama yake aanguke. Muulize sasa. Nimemruhusu aseme."

Bibi Rehema akamuuliza. Osmunda alifungua mdomo, akasema "ndiyo," kisha maneno yakatoka yote, ya shuka, ya mto, ya kukimbia mchana, na wino wa kalamu ya Bibi Rehema nusura umwishie. Mzee Gaudens alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kofia mkononi. Hakuwa amejua hata nusu yake.

Osmunda aliitwa kwenye kozi ya awali. Mengine mnayajua, maana ndiye yule anayekuja kila mwaka kuzungumza na kidato cha sita, na mnalalamika kwamba huzungumza muda mrefu. Mimi baada yake sikuandika tena habari ya msichana yeyote bila kwanza kwenda kwao na kuuliza ya asubuhi hiyo. Wengine walipata nafasi, wengine walikosa, na waliokosa bado ninawakumbuka kwa majina. Fanyeni hivyo na ninyi. Mabuti yangu nimeyaacha stoo, yanamfaa mtu wa miguu mikubwa.

Lakini siku Osmunda alipotakiwa kuondoka nilikaribia kumpoteza. Gari la kwenda Mbinga lilikuwa linapiga honi, sanduku lake lilikuwa limeshapakiwa, yeye hayupo. Nilipanda mlima ule kwa hasira na pumzi za mtu wa ziwani. Nje ya nyumba Mzee Gaudens alikuwa amekaa kwenye kigoda, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi tangu sengu ile, akiuliza kwa sauti kila anayefika: zamu ni ya nani? Alikuwa amefuta ile heshima ya kutoulizana, na hakuna aliyegombana.

Ndani, Mama Kolumba alikuwa anavuta shuka, jasho linamtoka, na Osmunda anamsahihisha. Mto uende chini zaidi. Goti lisilale juu ya goti. Subiri, rudia. Ilikuwa wazi kwamba angesahihisha mpaka jioni, na kesho, na mwaka ujao. Nilimwambia gari linaondoka. Akasema ndiyo, mwalimu, na akashika tena ncha ya shuka.

Adelina alikuwa amelala ubavu wake mzima, anatazama ukutani. Mdomo ukahangaika. Tulisubiri wote, kwa sababu maneno yake yalichukua muda.

"Osmunda," alisema. "Nenda. Nimeshageuzwa."

Osmunda aliachia shuka.